Meli Inapoonekana Nchi Kavu: Usalama na Ulinzi wa Mawasiliano ya Baharini

Juni 2025, siku zile Israel na Iran walipokuwa wakirushiana makombora, jirani yangu alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Ilikuwa ramani ya Ghuba ya Uajemi iliyojaa vialama vidogo vya rangi, kila kimoja meli. Vingine vilikuwa vimerundikana nchi kavu, vingine vimechora duara safi kana kwamba mtu ametumia bikari. Chini ya picha aliandika: "Wameziteka zote?" Kabla sijajibu, sauti ya dakika nne ilikuwa imeshaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mtu nisiyemfahamu akieleza kwa kujiamini kabisa kwamba meli zimedukuliwa na sasa zinaendeshwa kwa rimoti.

Meli zile hazikuwa jangwani. Zilikuwa majini, na mabaharia wake walikuwa wanajua hivyo kwa kuchungulia dirishani tu. Kilichovurugika ni habari kuhusu meli, na hilo ni jambo tofauti na meli yenyewe kuvurugika.

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye lugha. Kiswahili kinabebesha neno moja, usalama, mizigo miwili: kuepukana na ajali na kuepukana na adui. Lakini kila siku kwenye taarifa za habari tunasikia "vyombo vya ulinzi na usalama", kwa hiyo maneno mawili tunayo, tatizo ni kwamba tunayatamka kama moja. Hapa nitayatenganisha. Usalama ni meli isipande mwamba, isigongane na mwenzake, na ikizama watu waokolewe. Ulinzi ni mtu mwenye nia mbaya asiweze kuingilia, kudanganya wala kuvizia. Karibu mifumo yote ya mawasiliano ya meli ilibuniwa kwa ajili ya usalama, na baharini usalama maana yake ni kusikika na kila mtu. Ulinzi kwa kawaida unataka kinyume chake. Ukilishika hilo, mengi ya yanayobaki yatajieleza.

Chukua redio ya VHF. Ni simu ya upepo, ndugu wa zile wanazobeba askari wa doria. Chaneli yake kuu ni namba 16, megahezi 156.8, na kila meli huiachia sikio usiku na mchana. Ifikirie kama baraza za nyumba za Mji Mkongwe. Salamu hutolewa barazani, mtaa mzima unasikia, kisha wenye mazungumzo marefu huingia ndani. Ndivyo mabaharia wanavyofanya: huitana kwenye 16, halafu huhamia chaneli nyingine kuzungumza. Tofauti ni kwamba huko "ndani" hakuna mlango. Yeyote mwenye redio anaweza kuwafuata na kusikiliza, na anaweza pia kujibu akijifanya ni mwingine.

Januari 2008 mchezo huu nusura uzae vita. Boti ndogo za Iran zilizikaribia manowari tatu za Marekani katika Mlango wa Bahari wa Hormuz, na wakati huohuo sauti ikasikika redioni ikisema manowari hizo zitalipuka. Dunia ikashika roho. Baadaye Jeshi la Wanamaji la Marekani lenyewe lilikubali kwamba sauti ile huenda haikutoka kwenye zile boti. Mabaharia wanaopita Ghuba hawakushangaa, kwa sababu kwa miaka mingi wamewazoea watani wasiojulikana wanaorukia chaneli, kutukana, kuimba na kutisha. Redio ya VHF haijui nani anaongea. Inapeleka sauti, basi.

VHF ina mpaka mwingine ambao hauhusiani na adui. Mawimbi yake hunyooka, hayapindi kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kinachoamua umbali ni urefu wa mlingoti wa antena. Jahazi lenye antena mita 4 juu ya maji na meli yenye antena mita 25 zitasikizana kwa takribani maili 15 za baharini, kama kilomita 28. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 70 hivi. Ndiyo maana vituo vya pwani hujengewa minara mirefu, na ndiyo maana redio ya mkononi iliyoshikwa na mtu aliyekaa kwenye mtumbwi haifiki mbali hata iwe mpya namna gani.

Hapa huwa naulizwa: kwa nini tusitumie simu ya kawaida tu? Wavuvi wengi wa kwetu hawana kingine, na sitawacheka kwa hilo, kwani simu imeokoa watu. Lakini minara ya simu imeelekezwa nchi kavu, waliko wateja. Halafu simu humwita mtu mmoja, tena mtu ambaye yuko nyumbani hana boti. Redio huita bahari nzima, na anayekuokoa baharini mara nyingi ni meli ya karibu usiyoijua jina.

Somo hilo lilinunuliwa kwa bei kali. Aprili 1912, Titanic ilipokuwa inazama, meli ya Californian ilikuwa karibu zaidi kuliko Carpathia iliyokuja kuokoa. Mtu wake wa redio alikuwa amemaliza kazi na kulala, na hakuna sheria iliyomtaka mwingine akeshe. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulizaliwa 1914 kutokana na msiba ule. Mfumo wa leo wa mawasiliano ya dharura, GMDSS, ulioanza kutumika kikamilifu Februari 1999, unakwenda mbali zaidi: haumtegemei mtu aliye macho. Kwenye redio ya meli kuna kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikifunua na kukibonyeza kwa sekunde chache, redio yenyewe inatuma kupitia chaneli 70 namba ya chombo yenye tarakimu 9 na mahali kilipo, na redio za meli zote zilizo karibu zinalia kengele hata kama waliomo wanakula. Namba za vyombo vya Tanzania huanza na 674 au 677, za Kenya 634.

Kumbuka hilo la "mahali kilipo". Tutalirudia.

Sasa zile alama kwenye simu ya jirani yangu. Zinatokana na mfumo unaoitwa AIS kwa kifupi, ambao kazi yake ni meli kujitambulisha yenyewe. Kisanduku kilicho chomboni hutangaza kwa redio jina la meli, namba yake, ilipo, inakoelekea na mwendo wake. Meli kubwa ikiwa safarini hurudia tangazo hilo kila baada ya sekunde 2 hadi 10, na ikiwa imetia nanga, kila dakika 3. Kuanzia mwisho wa 2004, kila meli ya abiria na kila meli ya kuanzia tani 300 inayosafiri kimataifa inalazimika kuwa nacho. Lengo la kwanza lilikuwa rahisi na zuri: gizani au kwenye ukungu, nahodha ajue lile doa kwenye rada ni nani, na amwite kwa jina badala ya kupiga kelele "meli iliyo upande wangu wa kulia!"

Watu hudhani satelaiti inazitazama meli kama kamera ya mtaani. Haizitazami. Inasikiliza tu tangazo ambalo meli inajitolea. Zile programu za bure kwenye simu hutegemea zaidi vipokezi vya pwani, navyo vina mpaka uleule wa mviringo wa dunia, ilhali data ya satelaiti kwa kawaida huuzwa. Kwa hiyo meli ikitoweka kwenye simu yako kati ya Mombasa na Shelisheli, dhana ya kwanza iwe kwamba imetoka nje ya masikio ya pwani. Kuzama na kutekwa zije mbali baadaye.

Udhaifu wa AIS uko palepale kwenye uzuri wake. Tangazo halijafungwa kwa siri wala halina sahihi. Kipokezi kinaamini kinachoambiwa. Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeutuma hakuvunja simu yako wala hakuiba nywila, ameandika maneno tu akitumaini utaamini ni ndugu yako. AIS inaweza kudanganywa hivyohivyo, na inadanganywa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kunyamaza. Nahodha anazima kisanduku. Wakati mwingine ana hatia, kwa mfano anavua asipopaswa au amebeba mafuta yaliyowekewa vikwazo. Wakati mwingine hana. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zinamruhusu nahodha kuzima AIS akiamini kwamba kuiacha wazi kunahatarisha chombo chake. Enzi za maharamia wa Somalia, na tena Bahari ya Shamu baada ya Wahouthi wa Yemen kuiteka meli ya Galaxy Leader Novemba 2023, ruhusa hiyo ilikuwa na maana: kuwasha AIS ni kumpa mvizia anwani yako. Lakini kuizima pia ni kutembea gizani bila tochi kwenye njia ya malori. Hakuna jibu moja, na simwonei wivu nahodha anayetakiwa kuchagua.

Ya pili ni kuandika uongo. Sehemu ya AIS inayoonyesha safari na bandari ya kwendea hujazwa kwa mkono. Bahari ya Shamu ilipochafuka, meli zilianza kuandika hapo, badala ya jina la bandari, kwamba mabaharia wote ni Wachina, au kuna walinzi wenye silaha, au hatuna uhusiano na Israel. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa chombo cha usalama kugeuzwa kibao cha kuomba huruma. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutumia namba za meli zilizokwisha kukatwa vyuma chakavu, marehemu wanaoonekana wakisafiri na mafuta.

Ya tatu ni kuzua mizimu. Juni 2021, AIS ilionyesha manowari mbili, HMS Defender ya Uingereza na Evertsen ya Uholanzi, zikiondoka bandari ya Odesa, Ukraine, usiku na kuelekea hadi karibu kabisa na kituo cha jeshi la Urusi huko Sevastopol. Uchokozi mkubwa, kama ungekuwa kweli. Kamera za intaneti za bandari ya Odesa zilizionyesha zote mbili zimefungwa gatini usiku kucha. Mtu alikuwa ameziandikia safari.

Lakini zile duara za Ghuba hazikutokana na hizi tatu. Nahodha hakuzima, hakuandika uongo, wala hakuna aliyezua meli. AIS ilisema kweli kama ilivyoambiwa. Iliyodanganywa ni GPS, mfumo wa satelaiti unaoiambia meli mahali ilipo.

Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na nguvu zinazotumia kutangaza haiko mbali sana na ya taa za nyumbani. Mawimbi yakifika chini yamekuwa hafifu mno. Kuyavuruga kuna njia mbili ambazo magazeti huzichanganya. Kuna kuyafunika: unapiga kelele kwenye masafa yaleyale, kama anayejaribu kupiga simu Kariakoo mbele ya spika za muuza nguo. Kifaa kinapoteza mahali kilipo na kinakwambia kimepoteza. Na kuna kuyaghushi: unatuma mawimbi yanayofanana na ya satelaiti, yenye nguvu zaidi kidogo, yanayobeba habari ya uongo. Hapo kifaa hakilalamiki. Kinaonyesha mahali pengine kwa utulivu uleule. Kughushi ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa hakuna kinacholia.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walilionyesha hili kwa idhini ya wenye chombo, wakiwa ndani ya boti ya kifahari White Rose of Drachs kwenye Mediterania. Walitoa mawimbi ya bandia polepole, chombo kikajiona kimeyumba, kikajirekebisha, na kwa kujirekebisha huko kikaiacha njia yake halisi. Hakuna kengele iliyolia. Juni 2017, zaidi ya meli 20 zilizokuwa Bahari Nyeusi karibu na bandari ya Novorossiysk, Urusi, zilijikuta, kwa mujibu wa vifaa vyao, ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Kwa nini uwanja wa ndege? Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba mlengwa hakuwa meli. Droni nyingi zimepangwa zisiruke karibu na viwanja vya ndege, kwa hiyo anayetaka kumlinda mkubwa fulani dhidi ya droni huziaminisha kwamba ziko uwanjani. Meli zilizo jirani ndizo nyasi za methali ya mafahali wawili.

Sasa rudi kwenye kile kitufe chekundu. Mahali kinapotangaza panatoka GPS. Ramani ya kielektroniki inakula GPS. AIS inakula GPS. Hata saa ya chomboni mara nyingi inafuata GPS. Ni kisima kimoja chenye mabomba mengi: akitia mtu sumu kisimani, kila bomba linatoa sumu, na baharia anayelinganisha bomba na bomba ataona yote yanakubaliana. Hilo la kukubaliana ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Madhara yanaonekana. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilipwelewa karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli walitaja kughushiwa kwa GPS katika eneo hilo. Lakini tusigeuze GPS kuwa jini la kubebeshwa kila balaa. Mwezi uliofuata, Juni 17, meli za mafuta Front Eagle na Adalynn ziligongana karibu na Hormuz, katikati ya vurugu ileile ya mawimbi, na watu wakamaliza kesi kabla haijaanza. Mamlaka za Umoja wa Falme za Kiarabu zilisema taarifa za awali zinaonyesha kosa la uamuzi wa uendeshaji la meli moja. Meli zilikuwa zinagongana kabla hata satelaiti hazijabuniwa.

Mwelekeo huohuo wa kukimbilia udukuzi ulijitokeza Machi 2024, meli ya Dali ilipoangusha daraja la Baltimore. Mitandao iliamua siku ileile kwamba meli imetekwa kwa kompyuta. Wachunguzi walikuja kukuta waya mmoja uliolegea kwenye mfumo wa umeme. Na kuna sehemu ya kisa hicho isiyosimuliwa vya kutosha: umeme ulipokatika, rubani wa bandari, yule anayeelekeza meli kuingia na kutoka, alitoa taarifa mara moja, ikapokezanwa hadi kwa polisi, nao wakasimamisha magari daraja likiwa na dakika moja au mbili za kusimama. Mafundi 6 waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake walikufa. Walio kwenye magari yaliyozuiwa wako hai.

Je, meli haiwezi kudukuliwa kabisa? Inaweza, ila mlango huwa ni wa kawaida kuliko wa sinema. Ni flashi ya fundi aliyekuja kusasisha ramani, au intaneti ya satelaiti ya mabaharia iliyounganishwa kizembe na mtandao wa vifaa vya uendeshaji. Mwaka 2023, kwenye manowari ya Marekani USS Manchester, mabaharia waandamizi walifunga kwa siri dishi la Starlink na kulipa jina la Wi-Fi STINKY, ili waangalie michezo na kuwaandikia wenzi wao. Kama manowari inashindwa kujizuia, fikiria meli ya mizigo yenye mabaharia 20 waliokaa miezi tisa bila kuona nyumbani. Na pigo kubwa zaidi linalojulikana halikugusa usukani wa meli hata moja: Juni 2017 kirusi NotPetya kiliangusha kompyuta za ofisi na bandari za kampuni ya meli ya Maersk, meli zikabaki zikielea salama bila watu wa nchi kavu kujua kontena gani limo wapi. Nakala safi ya kumbukumbu muhimu za mtandao wao ilipatikana kwenye ofisi ya Ghana, iliyonusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Mgao wa umeme una mambo mengi ya kulaumiwa, lakini hilo moja tuupe.

Kwa nini basi AIS na GPS zisifungwe kwa siri kama ujumbe wa benki? Kwa sababu aliyefungiwa nje angekuwa mwenye jahazi. Mfumo wa siri unahitaji ufunguo, na ufunguo unahitaji mtu wa kuugawa kwa maelfu ya vyombo vya bendera zote, vikubwa na vidogo, vyenye pesa na visivyo na pesa. Kinachojaribiwa ni kitu kingine: habari ibaki wazi kwa kila msikilizaji lakini iwe na sahihi isiyoigika. Satelaiti za Galileo za Ulaya zilianza rasmi kutoa huduma ya namna hiyo Julai 2025, na vifaa vinavyoijua vinaweza kutambua ujumbe wa bandia. Kizazi kijacho cha AIS kinalenga huko pia. Wakati huohuo afisa wa zamu anabaki na rada, ambayo haimwamini mtu kwa sababu inapiga mawimbi yake yenyewe na kusubiri mwangwi, pamoja na dira, kipima kina na macho.

Kipo kifaa kimoja ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na jambo linalokaribia sahihi. Ni EPIRB, boya dogo la dharura. Chombo kikizama, linafyatuka lenyewe kabla ya kufika kina cha mita 4, linaelea na kutuma ishara kwenye megahezi 406 kwa satelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, kwa angalau saa 48. Ishara hiyo hubeba namba ya boya, na namba hiyo inatakiwa iwe imesajiliwa pamoja na jina la chombo na simu ya mwenyewe. Sehemu kubwa ya ishara zinazopokelewa duniani ni za makosa: boya lililomwagiwa maji deki ikioshwa, boya lililotupwa jalalani likiwa na betri. Kwa hiyo afisa wa kituo cha uokoaji, awe Mombasa au Dar es Salaam, kabla ya kutuma mtu hujaribu kupiga simu iliyosajiliwa aulize kama kweli chombo kiko baharini. Simu inaita. Anayepokea ni mtu aliyeiuza boti miaka mitatu iliyopita, na hajui aliyeinunua anaivulia wapi.